Nitilie Chumvi

Tulimzika Shangazi Febronia kule Mpui mwezi wa saba, katika ule upepo wetu wa kiangazi unaokata masikio. Siku ya msiba nilikuwa nimekaa jikoni nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio, mtoto wa Skola akanigusa bega. Skola ni binti wa marehemu, binamu yangu, na huyu Yusta ni kitinda mimba wake, ana miaka kumi na saba. Alikuwa amesimama kando ya sufuria kubwa la maharage, upawa mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama mdogo, nitilie chumvi." Nikanyoosha mkono kwenye mfuko, nikachota, nikatia, nikarudi kwenye kigoda changu. Sikufikiri chochote. Maneno hayo nimeyasikia tangu usichana wangu, na mkono uliyajibu kabla ya kichwa. Ni baadaye, nachambua mchele kwenye ungo, ndipo hasira ikaanza kunipanda, hasira ya zamani niliyodhani nimekwisha kuizika. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, naye hajamaliza hata siku mbili kaburini.

Habari za ukoo wetu sitazieleza, wala baba yangu alikuwa nani na kule Msanzi tulilima nini. Anayetaka ukoo akaulize wazee. Mimi nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa Shangazi pale Mazwi, mjini, nikijifunza cherehani, nilipokuwa na miaka kumi na minane na damu yangu ikakataa kukatika. Nililazwa chumba kimoja na Skola, aliyenizidi miaka miwili. Kitanda kilikuwa kimoja cha futi nne, magunia ya mahindi yamepangwa mpaka chini ya dirisha, na kwenye kona ilisimama baiskeli ya Baba Skola isiyo na mnyororo, ambayo tuliitumia kuanikia nguo za ndani ili zisionekane uani. Dirisha lilitazama jikoni. Kila lililosemwa jikoni tulilisikia tukiwa kitandani, na tuliyonong'ona kitandani tulijua jikoni yanafika. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, mchana kila mtu na lake, jioni ugali na maharage, au majani ya maboga, na Jumapili migebuka kutoka ziwani ikipatikana. Nilikuwa mpishi mimi, maana mgeni wa kike haachiwi akae bure. Sikulalamika, nilipenda kupika.

Sasa, katika nyumba ile, mwanamke akiwa kwenye siku zake alifanya kila kitu isipokuwa kutia chumvi. Shangazi aliipokea desturi hiyo kwa mama yake: chumvi ikitiwa na mkono wa aliye mwezini, eti walaji watabanwa kifua, watakohoa mpaka wadhoofike. Sikuwahi kumwona aliyekohoa, lakini pia sikuwahi kumwona aliyejaribu. Kwa hiyo unapika, mboga inachemka, unapaza sauti, "Skola, njoo unitilie chumvi!" Ukishasema hivyo umejitangaza. Shangazi kasikia, Baba Skola aliyeko ukumbini na redio yake kasikia, na jirani anayeanika dagaa ng'ambo ya ua naye kasikia. Hakuna anayesema kitu. Watu wa kwetu wana adabu sana, adabu ya kumwacha mtu afe bila kumwuliza swali.

Ilianza Kwaresma. Siku ya saba sikushtuka, maana siku zangu hazikuwahi kuwa na ratiba. Siku ya kumi na mbili nikaanza kuchana khanga yangu ya pili kwa ajili ya vitambaa. Siku ya kumi na tano nililichafua benchi la fundi wangu, mama mmoja mwenye mashine nne pale karibu na soko, naye akamwaga maji akafuta, akanipa kipande cha kitenge nikikalie, tukaendelea kushona sare za shule. Mwisho wa hadithi. Nyumbani kila jioni nilimwita Skola atie chumvi, kila jioni Skola alikuja akatia, na Shangazi alinimiminia kikombe kingine cha uji. "Kunywa, Adela, ulezi unaongeza damu. Ndiyo usichana huo, itakatika yenyewe." Jamani, nilikunywa! Niliingiza juu, ikatoka chini. Mtu anasema mficha maradhi kifo humuumbua, haya, lakini mimi nilificha nini? Nilitangaza kwa sauti kila siku saa kumi na mbili jioni, kwa wiki nne, nyumba nzima ikisikia.

Mwisho nilijipeleka mwenyewe kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Nesi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye foleni. "Umeolewa?" Hapana. "Una mimba?" Hapana. "Damu nyingi?" Nyingi. Akamwaga vidonge vidogo vyeupe kwenye kibahasha cha karatasi, akaandika moja mara tatu, akasema, "Siku kumi. Usikose. Anayefuata!" Nilitaka kumwuliza ni vya nini na vinafanyaje, lakini anayefuata alikwisha kukaa, tena kakaa nusu juu ya paja langu. Nikaondoka na vidonge thelathini visivyo na jina. Leo ninalijua jina lake, norethisteroni, na nikilitamka najisikia kama mtu aliyejua jina la mwizi wake baada ya miaka mingi, ila hapa mwizi hakuwa kidonge.

Siku ya tatu ya vidonge, damu ikakatika. Nawaambieni, nilienda chooni mara nne kuhakikisha. Siku ya nne jioni nilipika maharage na nazi ya kuletwa na mgeni kutoka pwani, na yalipochemka sikumwita mtu. Nilichota chumvi mwenyewe. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, mikono ikasimama. "Umetia mwenyewe?" "Nimetia, Shangazi." "Asante Mungu!" akasema, na alisema kwa moyo wake wote, akafanya ishara ya msalaba, na punje zikamwagika kutoka mapajani. Halafu akaongeza neno ambalo lilinigharimu. "Basi umepona. Hizo dawa ziache sasa, dawa si ugali." Na mimi nikaona ni kweli. Si nimetia chumvi? Katika nyumba ile hakukuwa na kipimo kingine cha kupona. Vidonge kumi na viwili nilikuwa nimemeza, kumi na vinane vikabaki kwenye kibahasha, nikavitia chini ya godoro.

Siku mbili baadaye damu ilirudi, tena ilirudi kwa hasira, na mabonge. Nilisimama jikoni nimeshika ukuta, nikaita, "Skola, nitilie chumvi," na safari hii Shangazi hakumimina uji. Alikuja akanitazama usoni. Kesho yake, nikiwa kwa fundi, alifagia chumba chetu na kuinua godoro. Niliporudi nilimkuta ukumbini na mama mmoja mwenzake wa parokiani, kibahasha kipo juu ya meza kama ushahidi wa mahakamani. Yule mama alikuwa amekwisha kuvitambua vidonge kwa kuvitazama tu, sijui alisomea wapi. "Ni vile vya homoni," akasema. "Vya kuzuia mimba." Nikasalimia, "Shikamooni." Hakuna aliyeitikia marahaba.

"Adela," Shangazi akasema, "baba yako alikuleta kwangu kushona, au kuzunguka na wanaume?"

"Shangazi, nilipewa za kukata damu."

"Za kukata damu mbona zimeileta? Umeharibu kizazi chako kwa mikono yako, halafu unakuja kunipikia mimi!"

Nilijaribu kueleza, lakini ueleze nini kitu ambacho hukuelezwa? Nilijua moja mara tatu tu. Baba Skola aliongeza sauti ya redio. Skola alikuwa amesimama kwenye pazia la mlango, anauma kucha. Shangazi alikichukua kibahasha, akatoka nacho uani, na nikasikia mlango wa bati wa choo ukifunguliwa na kufungwa. Aliporudi akasema kwamba nikiendelea hivi atanirudisha Msanzi baada ya Pasaka. Usiku huo sikula, na wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumapili mchana, Shangazi akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, nilikuwa nimejilaza, miguu juu ya gunia la mahindi, masikio yanavuma. Nilikuwa nahesabu mbao za dari, nikajikuta nahesabu chumvi. "Skola," nikasema, "wewe mbona hujawahi kuniita mimi nikutilie? Tangu Kwaresma imeanza hadi leo unatia wewe tu, kila siku ya Mungu." Skola alikuwa anasuka nywele zake mbele ya kioo kidogo. Mikono ikaganda kichwani. "Nyamaza," akasema. Nikamwambia sinyamazi. Ndipo akaja akakaa kitandani, akaninong'oneza, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu. Alikuwa anachoma sindano, ile ya miezi mitatu, mwaka wa pili sasa, kwa sababu ya mpenzi wake mmoja, mwalimu, ambaye hakuwa tayari kujitambulisha kwao. Sindano ilimkatia siku zake kabisa. "Mwanzoni nilikuwa naigiza," akasema. "Kila mwezi siku nne namwita Mama anitilie. Ulipoanza kuumwa wewe nikaacha kuigiza, maana jioni nyingine Mama anachelewa sokoni, nani angetia? Na yeye hajagundua. Anafurahi tu mkono wa chumvi upo."

Loo! Niliinuka nikasahau kizunguzungu. "Yaani wewe ulisimama pale kwenye pazia, ukanisikiliza natukanwa kwa kuzuia mimba, na anayezuia mimba ni wewe!" Skola akaanza kulia. "Angeniua, Ade." "Na mimi ninavyokufa hivi, haikusumbui?" Sikumwonea huruma. Namkumbuka anafuta kamasi na ncha ya khanga, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, na mimi nataka kucheka na kumpiga kwa wakati mmoja. Nilichokitaka kilikuwa kidogo tu: damu ikatike, nirudi kwenye mashine yangu. Mle ndani kila mtu alilinda siri yake au heshima yake, na damu yangu haikuwa kazi ya yeyote.

Jumanne nilianguka kwa fundi. Naambiwa nilikuwa napima kola, nikaenda chini na futi kamba shingoni. Fundi alimtuma mtu kwa Skola, na Skola, hapo nampa haki yake, alikuja na pikipiki, akanipandisha katikati yake na dereva, akanishika kiuno mpaka hospitali. Walinipima mimba kwanza, nikakasirika, kisha wakanipima damu, na aliyesoma karatasi akasoma mara mbili. Niliwekewa chupa mbili za damu. Wakanichunguza tumbo, wakauliza kama nikijikata damu huchelewa kuganda, wakasema hakuna uvimbe. Halafu akaja tabibu mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, akavuta stuli, akakaa. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza tangu Kwaresma.

"Siku ngapi, binti?"

Nililia. Skola ndiye aliyehesabu, kwa vidole, akitaja mboga na misa: siku ya dagaa, siku ya maharage, Jumapili ya Matawi. "Arobaini na moja," akasema. "Ukiondoa mbili tatu za katikati."

Tabibu yule alinieleza taratibu kama mtu asiye na foleni, na foleni alikuwa nayo. Alisema mwili wa msichana unaweza kupitisha miezi bila kutoa yai, na yai lisipotoka, kuna homoni moja, projesteroni, ambayo haitengenezwi ya kutosha. "Umeona nyumba iliyokandikwa tope ikaachwa bila kusiribwa? Inabanduka vipande, leo hapa, kesho pale, haimaliziki. Ndani ya mfuko wako wa uzazi ndivyo hivyo. Kidonge hiki ni homoni ya aina hiyo, ya kutengenezwa. Kinausiriba ukuta, unashika. Wewe ulisiriba siku nne ukaacha." Nikamwambia niliacha kwa sababu nilipona. "Hukupona, ilitulia," akasema. "Meza mpaka mwisho hata kama imekatika. Na sasa nisikilize: ukimaliza, baada ya siku mbili tatu hivi, damu itatoka. Hiyo si ugonjwa kurudi. Ni ukuta unashuka wote kwa pamoja, kisha unakwisha. Ikipita wiki, au ikiwa nyingi kupita kiasi, rudi kwangu." Skola akakohoa kidogo, akauliza kwa sauti ya mtu anayemwulizia rafiki yake, "Na ile sindano?" Tabibu hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi. "Sindano, kijiti, vidonge hivi, ni ukoo mmoja. Lakini ndugu hawafanyi kazi moja, kiasi ni tofauti na muda ni tofauti. Hivi vya mwenzako asivitegemee kuzuia mimba. Na huyo rafiki yako, mwambie siku zake kukatika kwa sindano si dalili mbaya, ila akiacha anaweza kungoja miezi mingi kabla ya kushika mimba." Skola akasema asante, atamwambia.

Dakika tano! Yote aliyoniambia yalichukua dakika tano. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile, na hasira yangu inaanzia hapo kila mara. Dakika tano za nesi, au za yule mama wa parokiani aliyejua mambo ya vidonge, au neno moja la Skola, na nisingelala na chupa za damu za watu nisiowajua.

Nilirudi kwa Shangazi, na habari ya kunirudisha Msanzi haikutajwa tena. Nilimeza vidonge vyote alivyonipa tabibu, na vile vyekundu vya kuongeza damu vilivyonifunga choo. Siku ya tatu baada ya kumaliza, damu ikatoka kama nilivyoambiwa. Nikaita, "Skola, nitilie chumvi," na Shangazi akatoka chumbani mbio. "Imerudi?" "Imekuja, Shangazi. Niliambiwa itakuja." Alisimama jikoni siku zote tano akinichungulia, na siku ya sita nilipochota chumvi mwenyewe hakusema asante Mungu wala hakusema acha dawa. Hakuniomba radhi pia, si siku ile wala miaka yote iliyofuata. Jumamosi moja alirudi sokoni na maini yamefungwa kwenye jani la mgomba, akayakaanga mwenyewe, akaniwekea yote kwenye sahani yangu, Baba Skola akitazama tu. Akatia chumvi kwa mkono wake. Nilikula nikiwa bado nina hasira, na yalikuwa matamu.

Nilimaliza ushonaji. Skola aliolewa na mwalimu wake, aliacha sindano, akangoja karibu mwaka akilia kwangu kila wiki, kisha akazaa wanne, na wa mwisho ndiye Yusta. Kwa hiyo siku ile ya msiba, nilipokuwa nachambua mchele na kumlaumu marehemu moyoni, nilijiona mtu anayejua. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumwambia Skola kuhusu desturi hizi, pale tukishamaliza kuwalisha wageni.

Yusta alikuja tena kesho yake. "Mama mdogo, nitilie chumvi." Nikatia. Siku iliyofuata akaja, nikatia, nilikuwa nabishana na watu wa sufuria za kuazima. Siku ya nne, tunavunja matanga, alikuja na bakuli la mboga ya mwisho, na alipoinama nikaona kiganja chake, kilikuwa cheupe kama unga. Mkono wangu ulikuwa tayari umechota. Mimi, Adela, niliyelala na chupa mbili za damu, nilikuwa nimemtilia mtoto chumvi siku nne na kinywa changu kimefungwa.

"Yusta," nikasema. "Siku ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Kisha akaanza kuhesabu vidole, mkono wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, akaurudia wa kwanza. Skola, pale mlangoni, alikuwa anakunja majamvi, akasimama.

"Tangu bibi hajaanza kuugua," Yusta akasema.

Bibi aliugua wiki tatu. Niliirudisha chumvi mfukoni, nikafunga mfuko kwa fundo, nikamwambia akavae viatu.